Umm Nuru Ni Mimi

Mwanangu Raya,

Salamu nitaziruka kwa sababu tumeshinda pamoja tangu asubuhi tukigombana na zipu ya begi lako. Mambo ya safari nayo nayaruka. Baba yako ameshakuhubiria ya kutosha kuhusu maji ya Dodoma, baridi ya Dodoma na wanaume wa Dodoma, na yeye mwenyewe Dodoma hajafika hata siku moja. Mimi nina jambo moja tu, na wiki nzima nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Sasa tumeshasali alasiri, wewe umekwenda kuwaaga kina shangazi yako, na mimi nimekaa uani na daftari langu la oda za kofia. Nimeng'oa karatasi za katikati. Barua nitaitia mfuko wa pembeni wa begi, uikute ukishafika na kupumzika.

Jambo lenyewe ni hili. Katika lile baraza la mtandaoni la Wapemba wa nyumbani na wa nje, ambalo wewe na binamu zako mnasoma kila kitu humo halafu mnajifanya hamsomi, kuna mtu anaitwa Umm Nuru. Umm Nuru ni mimi. Nimekusudia kutia jina langu la kweli mbele ya watu wote wale, na siku hiyo kila alichowahi kuandika Umm Nuru kitakuwa nimekiandika mimi. Humo kuna maneno juu yako. Nataka uyasikie kwangu kabla hujayasoma na watu wengine.

Ningependa kukwambia kwamba mkono unatetemeka. Hautetemeki. Nimekaa kama ninavyokaa nikishona, na naandika. Ndivyo nilivyo, na sehemu ya barua hii ni kukueleza nimekuwaje hivi.

Kabla yako nilizaa mtoto wa kike. Aliishi siku tisa. Siku ya saba tulimpa jina, Nuru, baba yako akachinja mbuzi, na siku mbili baadaye tukamzika. Hukuwahi kuambiwa, maana hapa kwetu kitoto cha siku tisa hakitajwi tena. Watu huona wanamhifadhi mama wakinyamaza. Haujatimia mwaka, nikakuzaa wewe, na kila aliyeingia mlangoni aliniambia Mungu amenifidia. Niliitikia alhamdulillahi. Nilikaa arubaini yangu kama wenzangu, nikakandwa kwa maji ya moto, nikapikiwa uji wa pilipili manga, nikakunyonyesha, nikakuogesha, nikakupaka wanja. Kazi zote nilizifanya, na sikuhisi kitu chochote. Nilikutazama nikangoja, na hakuna kilichokuja.

Nilifikiri ni uchovu. Mwaka ukapita, ukaja wa pili, ukaanza chuo cha Kurani, ukaanza skuli. Hukuwahi kulala njaa wala kutoka na nguo chafu. Majirani walinisifu. Bibi yako alikuwa akisema, "Zuwena ntoto wake humuosha mpaka kisigino," na mimi nilijua ni kwa sababu kuosha nilikuweza. Lile jingine sikuliweza, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Ningemwambia nani? Mama yangu angenipeleka kusomewa dua. Baba yako angeumia. Shoga zangu wangenisikiliza kwa huruma, na kabla ya magharibi habari ingekuwa imeshafika Wete. Hapa, Raya, kila mtu anakujua wewe ni nani, binti wa nani, mjukuu wa nani. Ukiumwa jino, kijiji chetu kizima cha Vitongoji kinajua ni jino gani. Kuna raha yake, sikatai. Lakini kuna maneno hayana pa kukaa kwenye kisiwa cha namna hii.

Ulipokuwa na miaka saba baba yako alininunulia ile simu ya kioo ili nipokee oda za kofia kwa picha. Shangazi yako akaniingiza barazani. Wiki nzima nilisoma tu, kisha nikafungua akaunti nyingine. Waliponidai jina niliandika Umm Nuru. Halikuwa la uongo kabisa. Nilikuwa mama yake Nuru, ila hakuna aliyekuwa akikumbuka, na ndiyo maana lilifaa kujifichia. Humo barazani wanawake walikuwa na chumba chao peke yao. Niliandika hivi, nakunukulia yalivyo, sikupunguza:

"Mwanangu ana miaka saba na sijui kama nampenda. Namlisha, namvisha, nikimtazama naona mtoto wa jirani. Akifa nitalia kwa sababu watu watakuwepo."

Haya. Hayo ndiyo maneno. Soma tena ukitaka, halafu endelea.

Nilipoyatuma niliiweka simu chini ya mto nikaenda kuchota maji. Nilidhani nitakuta matusi, na mawili matatu yalikuwepo. Lakini chini yake waliandika wanawake wengine, nao kwa majina ya kubuni. Mmoja alisema ana watoto wanne na yule wa tatu hajawahi kumbusu. Mwingine alisema alifikiri yuko peke yake tangu mwaka aliozaa. Mmoja akijiita Mkunga wa Zamani aliniambia: "Usitafute mapenzi. Akilala mshike kidole kimoja, uhesabu pumzi zake mpaka mia, uondoke. Usijiulize kitu." Sikumjua wala sijamjua mpaka leo. Labda si mkunga. Nilifanya alivyosema. Kila siku ukilala mchana, na kila usiku, nilishika kidole chako nikahesabu. Ungekuwa na usingizi mwepesi tungeulizana mengi.

Siwezi kukwambia siku gani ilibadilika. Sikuamka asubuhi moja nikakuta nimekupenda, hayo hayakutokea kwangu. Najua tu kwamba ulipokuwa na miaka tisa, siku uliyochelewa kurudi na mvua, nilitoka bila viatu. Nilifika mpaka skuli ndipo nikaona miguu yangu. Mwalimu alinitazama akacheka, na mimi nikacheka, na nikaona haya kwa jambo ambalo yeye hakulijua.

Kwa hiyo usinisikie vibaya nikija kwenye ubaya wa lile jina. Jina la kujificha lilinisaidia, na kwa kunisaidia mimi lilikusaidia na wewe. Najua nawe unayo akaunti ya pili. Usitoe macho. Shangazi yako alipoandika kwamba wasichana wa siku hizi hawajui kupika mchuzi wa papa, kuna "Kijana Mtulivu" alimjibu kwa kauli ya bibi yako neno kwa neno, na bibi yako alikuwa na mjukuu mmoja tu mwenye ulimi huo. Sikukwambia kitu. Nilicheka peke yangu jikoni, na kwangu mimi kucheka peke yangu si jambo dogo.

Sasa sikiliza kosa langu.

Unajua posa ikija kwetu watu huulizia. Wazee wa msichana hutuma mtu anakotoka kijana, wakauliza kwa imamu na majirani, huyu ni mtu wa namna gani. Bibi yangu mimi aliwahi kuulizwa juu ya kijana wa hapa Vitongoji aliyekuwa akimuona kila siku akipita. Akawaambia, "Nipeni siku mbili." Akaenda mpaka kwa mama yake kijana akakaa, akaenda alikofanya kazi, ndipo akawaita wale wageni akawajibu mbele ya babu. Nilikuwa mdogo, nikamuuliza kwa nini asiseme tu anayoyajua. Akasema, "Hawa washanijua nyumba. Ndoa ikiharibika watarudi papa hapa." Nilidhani anaogopa lawama. Sikuelewa kwamba ule uwezekano wa kurudiwa ndio uliomfanya atembee siku mbili.

Mwaka mmoja hivi baada ya mimi kujiunga, kaka mmoja anayeishi nje aliandika barazani. Dada yake yupo Wete, amepata posa ya Hamad, dereva wa gari ya abiria ya Kengeja, na wao wako mbali, wanaomjua watoe habari zake. Hamad nilimjua kwa sura. Kila mwezi nilipompeleka bibi yako kupima presha nilimuona hospitali na mwanamke na kitoto cha kiume cha miaka minne. Alikuwa akikibeba begani, akakipangusa pua kwa kanzu yake, akampa yule mwanamke nafasi yake ya kukaa. Nilikuwa nimeinjika wali. Kabla haujakauka nilikuwa nimeshajibu:

"Huyo ana mke na mtoto, anawaficha. Nimewaona kwa macho yangu zaidi ya mara moja."

Watu wakauliza, huyu Umm Nuru wa kuaminika? Wakajibiwa na wale wanawake wangu, wote: Umm Nuru hasemi uongo, Umm Nuru ni mtu mkweli kuliko sote. Walikuwa wakinilipa wema. Ule ukweli nilioulilia kule chumba cha wanawake ndio uliofanya uongo huu uaminiwe, na mimi niliwasoma wakinitetea, nikaona fahari.

Nikwambie na hili, maana sijamwambia mtu. Sikuandika kwa kumuonea uchungu yule msichana wa Wete. Niliandika kwa sababu ya vile Hamad alivyokibeba kile kitoto. Alikibeba bila kufikiri. Mimi wakati ule nilikuwa bado nahesabu pumzi zako mpaka mia, na nilimchukia kwa wepesi wake. Ningekuwa natumia jina langu nisingeandika. Hata ningeandika, angetokea mtu siku ileile mlangoni, "Mama Raya, umewaona wapi, mwanamke gani huyo?" Jambo lingekwisha kwa kikombe cha chai. Umm Nuru hakuwa na mlango, kwa hiyo hakuja mtu kumuuliza, na maneno yalibaki yalivyo.

Posa ilirudishwa. Nilisikia, nikasema moyoni nimemuokoa mtu, nikaendelea na kofia zangu miaka kumi.

Mwaka jana, wewe uko kwenye mitihani, nilikwenda hospitali kuchukua dawa za bibi yako. Benchini nikakaa na mwanamke wa makamo yangu na kijana wa miaka kumi na mitano hivi, mwembamba, macho ya manjano. Mambo ya benchi unayajua, tukaanza kuzungumza. Aliniambia anaitwa Mize, anatoka kisiwa cha Fundo, wametoka na mashua ya alfajiri mpaka Wete na gari mpaka hapa, na kwamba kijana ana ugonjwa wa damu tangu mdogo.

"Mbali hivyo kila mwezi?" nikamuuliza.

"Si kila mwezi. Bahari ikichafuka twakosa. Zamani n'kikaa Kengeja, kwa wakwe. Mume wangu kafa ntoto ana mwaka, mdogo wake marehemu akitutwaa na gari yake mpaka hapa, kila mwezi, hachoki."

Nikajua kabla hajamaliza. Nikauliza hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, mbona aliondoka.

"Kuna ntu kaandika kwenye simu. Kasema mie nke wa shemegi yangu, twafichana. Posa yake ikavunjika. Mama mkwe hakunitukana, Mungu shahidi, kanambia tu bora nende kwetu, maneno yapoe. Hayakupoa. Hata Fundo yalinikuta. Hamad nae kahamia bara, haya zimemshinda."

"Nani aliyeandika?"

"Hajulikani. Ajiita Umm Nuru. Mie humuomba Mungu anioneshe uso wake tu, n'mtazame. Simtaki zaidi."

Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, Raya. Nilikuwa na mkate wa boflo kwenye mkoba, nikaukata, nikampa nusu na mwanawe. Akala, akashukuru, akaniuliza mama nani mie. Nikamjibu, Mama Raya. Akasema, "Mungu akukuzie Raya." Nikaitikia amin. Wakaitwa, wakaingia ndani, na mimi nikachukua dawa nikarudi nyumbani nikapika.

Miezi mitano sikufanya kitu. Sitakudanganya kwamba sikulala. Nililala. Nilikula, nilishona, nilikusaidia kujaza fomu zako za chuo. Ila kila nikikuita jina lako nilimsikia yule mwanamke akiliombea dua, na nikaona nimemnyang'anya na hiyo. Ulipoingia mwezi wa sita tangu siku ile, nilimwambia baba yako nakwenda Wete kununua nyuzi, nikapanda mashua nikaenda Fundo.

Nilimkuta uani anapaa samaki. Akanikumbuka, akafurahi, akaniletea kiti. Nikasema nikiwa bado nimesimama, nikihofia nikikaa nitakubali na chai.

"Bi Mize, Umm Nuru ni mie."

Aliendelea kupaa yule samaki aliyekuwa mkononi mpaka akamaliza. Akanawa. Akainuka akanitazama, kama alivyosema kwamba angetazama. Sikujua niweke wapi macho, nikayaacha palepale.

"Basi ndo weye," akasema.

Nikamueleza nilichokiona na nilichokidhania. Nikamuomba radhi. Nikamwambia nitaandika barazani siku ileile, Umm Nuru atasema alikosea, kila mtu asome. Akatikisa kichwa.

"Umm Nuru ndo nani? Ntu asiyejulikana kanichafua, leo ntu asiyejulikana aje kunisafisha? Watasema nimemlipa. Watasema Umm Nuru ndo mie mwenyewe."

"Wataka nifanye nini?"

"Hukunisema humu mwangu, hata ukanomba radhi humu mwangu ikaisha. Nenda kulekule. Ukaseme weye ni nani, mama nani, watoka wapi, ili anaetaka kuuliza ajue pa kuja."

Hakunifukuza. Alinifungia samaki wawili kwenye jani la mgomba, na mimi nikawachukua, kwa sababu kukataa ingekuwa ujeuri. Mliwala siku ile mkawasifu.

Utaniuliza kwa nini nisifute yale ya chumba cha wanawake kwanza, nikabaki na hili moja. Nilijaribu. Nilifungua, kidole kikawa juu yake kabisa. Chini ya maneno yangu kuna miaka kumi na miwili ya wanawake, na wiki iliyopita tu kuna mmoja ameandika kwamba ana kichanga cha miezi mitatu na alikuwa amekaa karibu na kisima. Wenziwe walikuwa wameshamjibu kabla ya mimi. Yule Mkunga wa Zamani hayupo siku hizi, ila kuna mtu amemwambia ashike kidole ahesabu mpaka mia. Nikifuta langu yanafutika na yao. Siwezi. Kwa hiyo vyote viwili vitakaa pamoja chini ya jina langu, na kila shoga yako atakayetaka atavisoma.

Baba yako nilimwambia jana. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Nuru nilimtaja kwa jina. Nikasema ndiyo, jina nililitumia. Akaenda nje kukaza kamba za mizigo yako, ingawa zilikuwa zimeshakazwa.

Sina amri ya kukupa. Usiache ile akaunti yako ya pili kwa ajili yangu. Huko uendako yatakukuta ya kwako usiyoweza kumwambia mtu anayekujua, na utahitaji pa kuyatua. Ya kwako yatue. Ukifika kwenye habari za mtu mwingine, simama, jiulize kama uko tayari aje kwako kukuuliza. Mimi sikusimama, na kijana wa watu anafuata dawa kwa mashua.

Sasa nina ombi, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kufanya tu. Maneno nimeshayatayarisha, si mengi. Nimeandika kosa, nimemtaja Hamad kwamba hana hatia, nimemtaja Bi Mize kwamba hana hatia. Nikafika kwenye jina nikakwama. Nikiandika Zuwena binti Shaame, nani ananijua? Pengine watu kumi, na nusu yao wameshakufa. Kisiwa kizima mimi ni Mama Raya. Ndilo jina langu kwa kila anayenunua kofia na kila anayenisalimia njiani. Bi Mize anataka wajue pa kuja, na hawawezi kunifikia bila kupita kwenye jina lako. Nikiliweka, nimekuweka na wewe, pamoja na yale niliyoyasema juu yako ukiwa na miaka saba.

Niliwahi kulitumia bila ruhusa yako, pale benchini, nikala dua isiyokuwa yangu. Sitalitumia tena hivyo. Nitangoja uisome barua hii, ukasirike kadiri utakavyo, unyamaze hata siku ngapi. Bi Mize nimemwambia kwa simu kwamba nakungoja wewe, akasema ameshangoja miaka kumi na moja. Ukikataa sitakulaumu. Nitaandika jina la baba yangu, na wanaotaka kunitafuta watatafuta kwa taabu.

Lakini ukiniuliza mimi nataka nini, nitakujibu. Muda wote huu nimekuwa mama yake Nuru mahali ambapo hakuna anayenijua. Mbele ya watu nataka kuandika kwamba mimi ni mama yake Raya. Niambie kama naweza.

Ni mimi niliyekuzaa,
Zuwena binti Shaame